Nasaha Juu ya Vifungo vya Nguo

Katika mambo madogo ambayo watu huyadharau mpaka siku yanapowafedhehesha, kifungo cha nguo hakikosi kuwamo. Mtu atainama juu ya rundo la mitumba, atakipapasa kitambaa, atakivuta huku na huku ajue uimara wake, ataitazama rangi yake mwangani, atabishana juu ya bei mpaka muuzaji achoke, kisha atalipa na kwenda zake bila ya kuvitupia jicho hata mara moja vile viduara saba vilivyopangwa kifuani, ambavyo ndivyo vitakavyoamua kama shati lile litamsitiri mwaka mzima au litamwacha wazi mbele ya wakwe zake. Muradi wa makala hii ni kuwanasihi wasomaji waanze kuihukumu nguo kwa vifungo vyake, na wala wasimwachie fundi wala muuzaji awachagulie jambo ambalo aibu yake haitamwangukia yeye.

Mji wa Tunduma, ninakoandikia maneno haya, umekaa pale ambapo barabara kuu itokayo Dar es Salaam huishia kwa upande wetu na kuendelea kwa upande wa Zambia, na reli ya TAZARA yenye kilomita 1,860, ambayo Wachina walizikabidhi serikali zetu mbili mwezi wa Julai 1976, hupita papo hapo ikielekea Kapiri Mposhi. Ng'ambo ya mpaka ni Nakonde, ambako Wanyamwanga wana ndugu zao wa damu kama walivyo nao huku, na ambako nguo zile zile tuziitazo mitumba huitwa salaula, jina la Kibemba lenye maana ya kupekuapekua rundo ili kuchagua. Aghalabu nguo hizo zimeshonwa katika nchi tusizozikanyaga, kwa ajili ya miili ya watu tusiowajua, na vifungo vyake vimekwisha kufungwa na kufunguliwa mara nyingi mno kabla hazijafika mikononi mwetu. Ongeza juu ya hayo hali ya hewa: katika miezi ya Juni na Julai asubuhi ya Tunduma humtaka mtu koti lililofungwa mpaka shingoni, mchana humtaka alifungue lote, na magharibi humrudisha pale pale alipoanzia, hata nasadiki kwamba kifungo cha mkazi wa huku hufanya kazi kwa siku moja kuliko cha mtu wa Dar es Salaam kwa juma zima. Tena tangu mkoa wa Songwe ulipomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, makao yake makuu yakawa Vwawa, na tangu marais wa nchi mbili walipokizindua kituo cha pamoja cha mpakani Oktoba 2019, maofisa wa Tanzania na wa Zambia wamekuwa wakifanya kazi mahali pamoja, kila mmoja na sare yake yenye vifungo, na msafiri anayesubiri foleni isogee ana wasaa mpana wa kuvilinganisha.

Kabla ya kwenda mbele yafaa tuelewane juu ya jina, maana kifungo ni neno lenye mizigo mingi. Kuna kifungo cha nguo, kuna kifungo cha gerezani, kuna kifungo cha nyumbani ambacho watawala huwapa wapinzani wao, na asemaye hadharani kwamba ametoka kutafuta kifungo sokoni huenda akachekwa na wenye mizaha. Wazee wa pwani walikuwa na neno jingine, kishikizo, ambalo halina harufu ya jela, nami ningependa litumike zaidi. Vile vya kubonyeza kwenye simu na redio tumekwisha kuvipa jina lao la vitufe, basi tuviache huko.

Wahenga wetu wa mwambao walijisitiri kwa staha kamili karne nyingi ilhali kifungo kwao kilikuwa kitu cha ziada. Kanzu hupitishwa kichwani. Fundi wake hushughulika na badani, taharizi, vikwapa na lisani, na ustadi wake huonekana shingoni kwenye darizi ya uzi, si kwenye safu ya vishikizo. Dishidasha ya Waomani huteremsha kutoka shingoni kishada kidogo cha nyuzi, wenyewe hukiita furakha, ambacho waungwana hukichovya katika manukato. Shuka, kikoi, leso na kaniki hufungwa kwa fundo au kwa kuzungushwa tu. Huko bonde la Mto Indus watu walichonga vifungo vya kombe zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, wakavivaa kuwa pambo, lakini kifungo chenye tundu lake la kupenya katika nguo hakikuonekana Ulaya ila katika karne ya 13, huko Ujerumani. Nasi huku bara tulikipata pamoja na makoti ya askari, mashati ya shule za misheni na sare za makarani. Kwa hiyo si ajabu kwamba mpaka leo wengi wetu tunajua kufunga fundo la kitenge lisilofunguka kutwa nzima, lakini hatujui kukishona kifungo kikadumu juma mbili.

Vazi la vifungo ambalo mtu wa mpakani hulihesabu kuwa lake hasa ni suti ya Kaunda. Kenneth Kaunda, aliyekuwa rais wa Zambia tangu 1964 mpaka 1991 na kufariki Juni 2021 akiwa na umri wa miaka 97, hakulibuni vazi la namna ile, kwa kuwa makoti ya safari yenye mifuko ya kubandika yalikuwa yakivaliwa na Waingereza wa makoloni kabla yake. Lakini alilivaa kwa kudumu na kwa unadhifu mkubwa, leso yake nyeupe mkononi, mpaka vazi likapata jina lake, na kwetu madereva wa serikali, wachungaji, wazee wa kata na washenga wakalifanya kuwa vazi la heshima. Jamaa yake wa karibu ni lile koti la Kichina lenye mifuko minne, vifungo vitano na ukosi uliofungwa, alilolivaa waziri mkuu Zhou Enlai na ambalo Mwalimu Nyerere naye alipenda kuvaa mfano wake. Fadhila ya mavazi haya ni kwamba yanamwondolea mtu tai na shati la ndani bila ya kumwondolea hadhi. Kenya kulikuwa na mzozo juu yake: Novemba 2023 Spika wa Bunge la Taifa, Moses Wetang'ula, alitangaza kwamba suti ya Kaunda hairuhusiwi ukumbini, akawataka wanaume wavae koti, ukosi na tai, na hayo yalikuwa katika siku ambazo Rais William Ruto mwenyewe alikuwa akionekana nayo mara kwa mara. Kwa maoni yangu Spika alikosea kulipima vazi kwa tai yake. Koti la Kaunda lililoshonwa sawasawa lina adabu kuliko tai iliyolegea juu ya shati lisilo na kifungo cha juu.

Lakini liwe limeshonwa sawasawa. Kwa kuwa vazi hili halina tai ya kulifunika kifua, vifungo vyake ndivyo uso wake, na mtu anayepeleka kitambaa kwa fundi ana wajibu wa kupeleka na rai yake juu ya vifungo. Kwanza ni ukubwa. Wafanya biashara ya vifungo huigawa inchi moja mara 40 na kukipa kifungo namba kwa kipimo hicho, hata kifungo cha shati, ambacho kwa kawaida ni namba 18, kikawa na upana wa milimita 11 na kidogo, na kifungo cha mbele ya koti, namba 32, kikawa kama milimita 20. Mafundi wengi, wakiishiwa na vifungo vya koti, hutia vya shati, na koti zima huonekana kana kwamba limesinyaa. Pili ni rangi: kisipopatikana kifungo cha rangi ile ile ya kitambaa, chagua kilichokoza kidogo, kwa maana kilichofifia huonekana kutoka mbali, na hivyo vya plastiki vilivyopakwa rangi ya dhahabu hubanduka ganda lake baada ya kufuliwa mara chache, vikabaki na mabaka. Tatu, na hili ndilo wengi hawalijui, ni mahali. Fundi aliyezoea hugawanya umbali kati ya ukosi na pindo kwa mafungu sawa, akatia alama, akamaliza. Lakini mwili wa mtu haukugawanywa kwa mafungu sawa. Kifungo kimoja lazima kikae pale ambapo mwili umejaa zaidi, kwa mwanamume mwenye kitambi ni usawa wa kitambi, kwa mwanamke ni usawa wa kilele cha kifua, na vingine vipangwe kwa kukifuata hicho, ama sivyo nguo itaachama baina ya vifungo viwili na kuonyesha la ndani. Siku ya kujaribu usisimame tu mbele ya kioo kama mtu apigwaye picha: keti kitako, inua mikono kama ashikaye usukani, inama kama afungaye kamba za viatu. Dereva akaaye kitini kutoka Tunduma mpaka Dar es Salaam atajua tofauti ya koti lililojaribiwa hivyo na lisilojaribiwa kabla hajafika Makambako.

Sasa tuje kwenye mitumba. Ukilishika shati, ligeuze ndani nje, utazame kwenye mshono wa ubavu wa kushoto au chini kabisa ya ule ukanda wa mbele wenye matundu. Mashati mengi ya viwandani huwa na kifungo kimoja au viwili vya akiba vilivyoshonwa hapo, na kuwapo kwake ni ushahidi kwamba mwenye nguo wa kwanza hakuhitaji kuvitumia. Kisha vihesabu vile vya mbele na vya mikononi, ukivigusa kimoja kimoja kwa ncha ya kidole, maana jicho hudanganyika: muuzaji mwerevu akipungukiwa hukiondoa cha chini kabisa, kinachofichwa na suruali, akakileta kifuani, na kwa hila hiyo mimi simlaumu, naliona ni jambo ambalo ungelifanya wewe mwenyewe nyumbani. Vuta kila kifungo kidogo. Kikicheza kwa kuwa uzi umelegea, hiyo si ila, ni kazi ya dakika tano. Lakini kitambaa chini yake kikiwa kimechanika au kimekuwa chembamba kama utando, liache shati lile hata likipewa bure, kwa kuwa hakuna uzi utakaoshika mahali pasipo na nyama. Tena tazama upande. Kwa desturi iliyoenea duniani nguo za kiume huwa na vifungo upande wa kulia wa mvaaji na matundu upande wa kushoto, na za kike kinyume chake. Kijana akijinunulia koti zuri la baridi kisha wenzake wakalitambua kuwa la kike, fundi hataweza kumsaidia, kwa sababu matundu yamekwisha kukatwa.

Ama juu ya vitu vitengenezavyo vifungo, nitasema vile tu vinavyomhusu mnunuzi. Vifungo vingi vya leo ni vya plastiki, na mji wa Qiaotou katika jimbo la Zhejiang huko China umejitangaza kwa kazi hiyo tu, ukivitoa kwa mabilioni. Plastiki hizo si jinsi moja: iliyo bora hustahimili pasi, na iliyo hafifu huyeyuka, jambo ambalo sisi tutumiao pasi ya mkaa, isiyo na kipimo cha joto ila mate ya kidole, hatuna budi kulihadhari. Pitisha pasi baina ya vifungo, kamwe si juu yake, na sehemu ile ya mbele uipige pasi kwa upande wa ndani, shati limelazwa kifudifudi juu ya taulo. Vifungo vya lulumizi, yaani vya kombe lenye kumetameta, utavitambua katika mashati ya gharama kwa kuvigusisha shavuni: vina baridi ya jiwe, ilhali plastiki ina uvuguvugu. Ukivikuta katika rundo la mitumba, nunua hata kama shati lenyewe limechakaa. Viko vya pembe, viko vya kifuu cha nazi ambavyo mafundi wa pwani huvichonga, na katika siku za utawala wa Waitaliano huko Eritrea walitengeneza vifungo kwa kokwa ngumu ya tunda la jamii ya mkoche, ngumu kama pembe ya ndovu. Hivi vyote vya asili havipendi kurowekwa kutwa nzima katika maji ya sabuni.

Nguo yenye vifungo ifuliwe vipi? Ifungue yote kwanza, wala usiifue ikiwa imefungwa, maana kusugua na kukamua hukivuta kifungo dhidi ya tundu lake, vikaumia vyote viwili. Igeuze ndani nje. Na unapokamua, kamua kwa urefu, ukiviweka vifungo ndani ya mkunjo. Juu ya kamba ianikwe kwa pindo. Basi.

Hebu sasa tukishone kifungo kimoja cha koti, pole pole, kana kwamba tumeketi pamoja barazani. Kata uzi usiozidi urefu wa mkono kutoka ncha za vidole mpaka begani, kwa kuwa uzi mrefu hujisokota na kutengeneza mafundo. Ukunje uwe wa pande mbili, kisha uupitishe mara mbili juu ya kipande cha nta ya nyuki, ambayo huku kwetu haikosekani kwa warina asali, upate kushikamana na kuteleza katika kitambaa bila ya kufumuka. Vaa kastabini kidoleni kama kitambaa ni kizito. Ingiza sindano kwa upande wa nje, mahali pale kifungo kitakapokaa, ushone kijalizo kidogo cha mishono miwili ili uzi ushike, wala usiliamini fundo peke yake. Weka kifungo, na juu yake, katikati ya matundu yake, laza njiti ya kiberiti, ukashone ukipita juu ya njiti hiyo. Kifungo cha matundu manne kina jozi mbili: shona jozi ya kwanza mara tatu, ufunge uzi kwa nyuma na kuukata, kisha uanze upya jozi ya pili kwa uzi mwingine, ili ukikatika mmoja, wa pili ukizuie kifungo mpaka ufike nyumbani. Mishono ikae sambamba. Ile ya kukatizana kama msalaba ina sura nzuri, lakini nyuzi hupandana, na ile ya juu husuguliwa ikakatika mapema. Baada ya hayo chomoa njiti, kiinue kifungo, na hapo utaona nafasi baina yake na kitambaa. Uzungushe uzi katika nafasi hiyo mara nne au tano kwa kukaza, na huo mzunguko ndio shingo ya kifungo. Upitishe uzi ndani ya shingo, umalizie nyuma, ukate.

Shingo hiyo si pambo. Koti lina unene, na likifungwa, unene ule wa upande wenye tundu lazima upate mahali pa kukaa chini ya kifungo. Kisipokuwa na shingo, kifungo hukiminya kitambaa, kitambaa hukunjamana, na kila likifungwa hukivuta kifungo mpaka king'oke na kipande cha nguo. Mashine za viwandani aghalabu hazitengenezi shingo, na hiyo ndiyo sababu ya makoti mapya kupoteza vifungo katika msimu wa kwanza. Mwambie fundi wako mapema, kabla hajaanza: "Fundi, vifungo vya koti nishonee kwa mkono, uniachie na shingo." Akikuuliza shingo gani, mshukuru kwa upole, uvishone mwenyewe. Kwa koti zito la baridi, tia na kifungo kidogo bapa upande wa ndani, mkabala na kile cha nje, uvishone pamoja. Mvuto wote utakiangukia kile kidogo, na kitambaa kitasalimika.

Tundu nalo lina haki yake. Urefu wake ni upana wa kifungo pamoja na unene wake, na njia ya kuupata bila ya kukisia ni kukizungushia kifungo utepe mwembamba wa karatasi, kuutia alama pale unapokutana, kisha kuukunja utepe ule nusu: hiyo nusu ndiyo urefu wa tundu. Kwenye shati matundu husimama, kwenye koti hulala, kwa kuwa koti huvutwa kwa upana na tundu lililolala huruhusu kifungo kusogea hadi mwisho wake badala ya kuchomoka. Chini ya matundu kuwe na kile kitambaa kigumu ambacho mafundi hukibandika kwa pasi. Kikikosekana, tundu litapanuka kama mdomo wa soksi kuukuu. Ukiona uzi wa tundu umeanza kufumuka, usiuvute, maana mashine nyingine hushona kwa mnyororo wa uzi mmoja na ukiuvuta utatoka wote. Ukate kwa mkasi, ulipitie tundu kwa sindano ya mkono jioni ile ile.

Askari na maofisa wenye vifungo vya shaba watanisamehe nikiwakumbusha hila ya zamani. Shaba nyekundu hupita hapa Tunduma kila siku juu ya malori yatokayo Zambia na Kongo kwenda bandarini, na ikichanganywa na zinki ndiyo hutoa ile shaba ya njano ya vifungo vya sare. Ving'arishwapo, dawa hukichafua kitambaa kando yake. Kata kipande cha kadibodi, ukichane katikati kutoka ukingoni, ukakisukume chini ya kifungo mpaka shingo yake iingie katika mchano; sugua utakavyo, sare haitaguswa.

Liko jambo la wagonjwa na wazee, ambalo kwangu lina uzito kuliko hayo ya sare. Mtu aliyevunjika mkono, au aliyepooza upande mmoja, humfaa shati la vifungo kuliko fulana ya kupitisha kichwani, na anayemhudumia akumbuke utaratibu huu: wakati wa kuvaa, mkono mgonjwa hutangulia kuingia, wakati wa kuvua, mkono mgonjwa hufuatia kutoka. Mzee ambaye vidole vyake vimekakamaa kwa baridi yabisi hutahayari kuomba afungiwe shati na mjukuu, naye aghalabu hatasema. Ataacha tu kwenda msikitini au kanisani. Mbadilishie vifungo uweke vikubwa, upanue matundu kidogo, au uyazibe matundu, ushone vifungo juu yake viwe pambo, na chini yake utie zile kanda mbili za kunatana. Kwa nje halijabadilika neno. Mama anyonyeshaye naye ashonewe magauni yenye vifungo mbele mpaka chini ya kifua, na vifungo hivyo viwe bapa, visije vikamkwaruza mtoto usoni.

Juu ya watoto wadogo nina onyo moja. Kifungo cha nguo kikimezwa, aghalabu hupita chenyewe, ila mtoto akikohoa, akikorota au akipumua kwa taabu, huenda kimeingia njia ya hewa, wala pasiwe na kungoja. Lakini ziko betri ndogo za duara, zenye sura ya kifungo hasa, zitumiwazo katika saa, vidude vya kuchezea na rimoti, nazo ni balaa ya namna nyingine: ikikwama kooni, betri huunguza nyama kwa muda wa saa mbili tu. Mtoto akidhaniwa kuimeza apelekwe hospitali saa hiyo hiyo hata kama anacheza na kucheka, na asitapishwe. Vidude vya kuchezea ambavyo kifuniko cha betri hakina skurubu visinunuliwe, vijapokuwa rahisi namna gani pale sokoni.

Mwisho ni kijaluba. Kila nyumba iwe na kopo moja lenye sindano mbili, nyembamba na nene, uzi mweupe, mweusi na wa kaki, kipande cha nta, njiti za kiberiti na vifungo vya akiba. Vifungo hivyo visinunuliwe kwanza; vikatwe kutoka katika nguo zilizochakaa kabla hazijafanywa matambara, na vile vya vazi moja vitungwe katika uzi mmoja, vifungwe fundo, visichanganyike na vingine, kwa sababu kifungo kimoja kilichopotea huhitaji pacha wake, na vifungo saba vya sura moja vyaweza kulivika upya shati zima. Mwezi wa Januari, sare za shule zinapotolewa masandukuni, mtoto aliyekwisha kutimiza miaka minane apewe kopo hilo na shati lake mwenyewe, wa kiume sawa na wa kike, aonyeshwe mara moja ule ufundi wa njiti, kisha aachwe ashone. Cha kwanza kitakaa upande. Kiachwe hivyo hivyo mpaka kikatike chenyewe, naye akishone tena.